Siri na Uhai

Katika mambo ambayo watu wa kila kabila na kila dini wamekubaliana kuyasifu, kutunza siri ni moja. Mtu asiyeweza kuuzuia ulimi wake hudharauliwa kijijini na mjini. Na mtu awezaye huaminiwa hata na adui zake. Siri ni amana, na amana hurudishwa kwa mwenyewe kama ilivyowekwa. Wewe msomaji umefundishwa hivyo tangu utoto wako, na umefundishwa vyema. Lakini je, iko siri ambayo mtu mwema hapaswi kuitunza? Swali hili huonekana jepesi mpaka siku litakapokujia usiku bwenini, katika sauti ya mtu umpendaye.

Tuseme unaye rafiki wa kidato kimoja nawe. Zamani alikuwa wa kwanza kiwanjani na wa mwisho kunyamaza mezani. Sasa yapata mwezi mzima chakula hakimpiti, usingizi haumjii, na kitabu alichokipenda hakifungui. Ukimwuliza ana nini, husema amechoka tu. Jioni moja anakupa kamusi yake na saa yake, akisema uzichukue, kwani yeye hazihitaji tena. Unaposhangaa, anakuambia kwa sauti ndogo kwamba amechoka kuishi, na kwamba anafikiri kuyamaliza maisha yake. Kisha anakushika mkono na kusema, "Niapie kuwa hutamwambia mtu." Utafanyaje?

Kabla ya kujibu, yafaa tujue rafiki huyo amepatwa na nini. Wako watakaosema kuwa ni mvivu, au ana imani haba, au amerogwa, au ataka kutazamwa na watu. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Huzuni ni ya kila mwanadamu: huja na msiba au na kushindwa, na siku zikipita hupungua. Lakini iko huzuni nyingine ambayo madaktari huihesabu kuwa ugonjwa, nayo huitwa sonona. Hiyo hukaa wiki mbili na zaidi karibu kila siku, ikamnyima mtu usingizi, hamu ya chakula, nguvu za mwili na furaha ya mambo aliyoyapenda. Ikamwambia kuwa hana thamani, na kuwa kesho haitakuwa bora kuliko leo. Haimjii mnyonge peke yake. Humjia tajiri na maskini, hodari wa masomo na mzito wa masomo. Aliyepatwa nayo hakuichagua, kama vile mgonjwa wa malaria hakuichagua homa. Na kama malaria, inayo tiba: yako mazungumzo na mtaalamu, na ziko dawa. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2021 watu wapatao 727,000 walijitoa uhai ulimwenguni, na kwamba kwa vijana wa miaka 15 hadi 29 hii ilikuwa sababu ya tatu kwa wingi wa vifo. Basi rafiki yako si kioja, wala hayuko peke yake.

Sasa turudi kwenye kiapo. Mwanafalsafa wa Uyunani, Plato, katika kitabu chake kiitwacho Jamhuri, asimulia jinsi Socrates alivyouliza swali lifananalo na letu. Rafiki alikuwekea silaha akiwa na akili timamu; kisha akaja kuidai akili yake ikiwa imevurugika. Je, ni haki kumrudishia? Mzee aliyeulizwa alikiri kuwa si haki. Maana amana huwekwa kwa faida ya mwenyewe. Kuirudisha kwa kumdhuru ni kulishika neno na kuitupa maana yake. Siri nayo ni hivyo. Iliwekwa ili imlinde mwenyewe. Siku inapogeuka kuwa mlango wa kumpotezea uhai, anayeitunza hatunzi kitu.

Atakuwako mtu wa kusema: siri ni yake na maisha ni yake, mimi ni nani hata niingilie? Hoja hii ingekuwa na nguvu kama rafiki yako angekuwa anaona mbele yake sawasawa. Lakini sonona ni kama ukungu wa asubuhi kule Limuru: hauiondoi barabara, huificha tu, na aliye ndani yake huapa kuwa mbele hapana njia. Mwaka 1978 mtaalamu wa Marekani aitwaye Richard Seiden alichapisha uchunguzi juu ya watu 515 waliozuiwa walipotaka kujitoa uhai mjini San Francisco kati ya miaka ya 1937 na 1971. Alipofuatia habari zao, aliona kuwa zaidi ya tisa katika kila kumi ama walikuwa wangali hai, ama walikufa kwa mauti ya kawaida. Kama lile lingekuwa shauri lao la kudumu, nani angewazuia kulirudia siku nyingine? Ukungu uliondoka, wakaiona barabara. Tena rafiki yako hakukuambia bure. Mwenye kupiga hodi ataka kufunguliwa, hata kama kwa mdomo asema usifungue.

Hoja ya pili ni ya woga. Ukisema, atakukasirikia, na labda hatasema nawe tena. Huenda ikawa hivyo. Lakini urafiki uliovunjika una fundi. Uhai uliokatika hauna. Heri rafiki aliyenuna akiwa hai kuliko kiapo kilichotunzwa juu ya kaburi.

Hoja ya tatu ni ya sheria. Kwa miaka mingi kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya kilimhesabu aliyejaribu kujitoa uhai kuwa mkosaji, awezaye kufungwa hata miaka miwili. Ilikuwa hofu ya haki kwamba mgonjwa angepelekwa kortini badala ya hospitali. Lakini tarehe 9 Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kuwa kifungu hicho kinapingana na Katiba.

Hata hivyo, usidhani kuwa sasa una ruhusa ya kutangaza. Kumweleza awezaye kusaidia ni kuokoa. Kulieleza bweni zima ni kusengenya. Siri hiyo haikomi kuwa siri: yapita tu kutoka mikono dhaifu kwenda mikono yenye nguvu.

Ufanyeje basi? Kwanza, usiape. Mwambie kwa upole kuwa wampenda mno hata huwezi kulificha jambo hili, ili ajue kuwa hukumzunguka. Pili, mwulize waziwazi kama anafikiri kujiua. Usiogope kuwa swali litampandia wazo. Wataalamu wamelichunguza jambo hilo na hawakuona hivyo, na wengi hupata nafuu kwa kuulizwa. Tatu, msikilize. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Kwa hiyo usimwambie kuwa wako wenye shida kubwa kuliko zake, wala usimwamuru achangamke. Nne, usimwache peke yake. Nendeni pamoja kwa mtu mzima: mwalimu mshauri, matroni, muuguzi au mzazi. Wa kwanza akipuuza, nenda kwa wa pili. Wa pili akicheka, nenda kwa wa tatu. Katika Kenya iko pia simu ya watoto, nambari 116, ambayo hupigwa bila malipo. Wewe si daktari, na hukuumbwa uuchukue mzigo huu peke yako. Kazi yako ni kumfikisha.

Na kama wewe usomaye ndiwe rafiki huyo, sikiliza. Neno hili halikuandikwa ili kukuhukumu. Maumivu yako ni ya kweli. Lakini yanapokuambia kuwa hayana mwisho, yanasema uongo. Mficha maradhi kifo humwumbua. Mwambie mtu mmoja leo, kabla ya kulala, hata kwa maneno machache: "Nimechoka kuishi, nisaidie." Hakuna aibu katika maneno hayo, kama vile hakuna aibu kwa aliyevunjika mguu kuomba bega la kuegemea.

Msomaji mpendwa, yamkini usiku ule tuliousema hautakujia kamwe. Ukikujia, usikae gizani ukipima thamani ya kiapo. Inuka, mshike mwenzio mkono, mkamwamshe mwalimu. Ile kamusi na ile saa zitunze vyema: hizo ndizo amana yake ya kweli, na siku atakapopona utamrudishia.