Amana ya Watu wa Nyumbani Chomboni

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Sifa njema zote ni za Mwenyiezi Mungu, aliyewatiishia waja wake bahari na mito, na sala na salamu zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake. Ama baadu.

Ndugu Waislamu, tumeulizwa mas-ala na watu wa pwani wakaao bara, katika wilaya za Mbulu na Hanang, kwa ajili ya biashara na kazi. Wasema: Sisi hukaa mwaka mzima mbali na bahari. Ifikapo Idi hurejea kwetu mtoni Pangani pamoja na wake zetu na watoto, na jamaa zetu wana motaboti ya nyumba; watoto hulilia kupanda, nasi huwapandisha. Safari hii mzee mmoja ametukataza, akasema kwamba mto umepwa, maji hayafiki magotini penye mafungu, na vyombo ni vingi. Kijana mwenye kushika mashine akamjibu kuwa maji ya magoti hayaui mtu, na tena ajali haina kinga. Je, ni yupi aliyesema kweli?

Kijana amesema maneno mawili, na kila moja lina jawabu yake. Tutaanza na la pili, kwani ndilo linalotajwa kila mahali watu wafapo maji, na wengi hulidhani kuwa ni neno la dini.

Ninyi mkaao Hanang mmeona kwa macho yenu jambo lililo kudra tupu. Alfajiri ya tarehe 3 Desemba 2023, baada ya mvua kubwa, ubavu wa mlima Hanang ulimeguka, na matope na mawe na magogo yakateremka mpaka Katesh na vijiji vilivyo karibu nayo. Watu zaidi ya themanini wakafa, wengi wao wakiwa majumbani mwao. Mtu aliyelala nyumbani kwake, na mlima ukamjia, hana la kuulizwa katika hilo. Twasema juu yake inna lillahi, twamwombea rehema, nasi tukanyamaza.

Sasa litazameni jambo jingine, mpime kama ni sawa na hilo. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko MV Nyerere kilipinduka katika ziwa Viktoria, kikitoka Bugolora katika kisiwa cha Ukerewe kwenda Ukara. Kilikuwa kimekaribia kabisa kufika. Idadi yake kilichoruhusiwa kupakia ni watu 101. Waliokufa peke yao walikuwa zaidi ya 220. Na kabla ya hapo, usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, meli ya Spice Islander ilizama karibu na Nungwi ikielekea Pemba, nayo ilikuwa imejazwa watu kupita kiasi chake mara nyingi. Wakapotea Waislamu kwa mamia na mamia, na hapana mji katika Unguja na Pemba usiokuwa na msiba. Je, mlima ndio uliowaingiza watu wale chomboni? Au ni mkono wa mtu aliyekata tikiti, na mkono wa mtu aliyefungua kamba hali akiona maji yamefika karibu na ukingo?

Mwenye kuyatia mambo haya mawili katika kapu moja amemsingizia Mola wake. Kweli kila kitu ni kwa kudra yake, wala hatusemi vingine. Lakini yeye aliyekadiria ndiye aliyetuamrisha tusijitupe katika maangamizo kwa mikono yetu. Bedui aliyemwuliza Mtume (s.a.w.) khabari ya ngamia wake aliamrishwa amfunge kwanza, kisha ndipo ategemee. Na Sayyidna Umar alipokuwa njiani kwenda Shamu akasikia kuna tauni, alirejea na watu wake. Alipoulizwa kama aikimbia kudra, alibainisha kwamba kukimbia kwenyewe ni katika kudra vile vile. Hawa ndio waliotufundisha tawakali. Wala hatukupata kusikia kwamba mmoja wao aliiita tawakali kuacha boya nyumbani.

Tena yako maneno mengine yasemwayo matangani, na hayo yana sumu zaidi kwa kuwa asili yake ni ya haki. Husemwa: aliyekufa maji ni shahidi. Naam, hadithi imethubutu. Lakini shahada hiyo ni ya aliyezama, si ya aliyezamisha. Mama aliyekufa na mtoto wake mgongoni, tumaini letu kwa Mola ni kwamba wako katika daraja hiyo. Ama yule aliyewapakia watu kumi na wanane katika chombo cha watu wanane, naye akanusurika kwa kuogelea, yeye hana fungu katika ushahidi wao. Yeye ana hesabu. Katika madhehebu yetu ya Imamu Shafi, mwenye kuua kwa kukosea, pasipo kukusudia, hulazimiwa na kafara pamoja na diya. Na kafara hiyo, asiyepata mtumwa wa kumwacha huru (na leo nani ampataye?), ni kufunga miezi miwili mfululizo kwa kila nafsi. Basi baba ambaye uzembe wake umethubutu kuwa ndio sababu, akazamisha watoto watatu, ana miezi sita ya kufunga shingoni mwake. Wala harithi kitu chao, kwani muuaji harithi ijapokuwa hakukusudia. Wanazuoni wamezungumza hata khabari ya vyombo viwili vigonganavyo majini, wakamtia nahodha mzembe katika dhamana kama wapandao wanyama wawili waliogongana njiani. Hawakusema kwamba maji ndiyo mdhamini.

Hayo ni juu ya neno la pili. Tuje katika neno la kwanza, kwamba maji ya magoti hayaui.

Mtu atokaye Hanang huyajua maji kwa namna ya bara. Ziwa Balangida ni la chumvi, na kiangazi huenda likawa uwanda mweupe. Ziwa Basotu lina viboko, na mtu hulitazama akiwa ukingoni. Akisafiri kwa gari kwenda Tanga huuvuka mto Pangani hapo Korogwe, akauona unapita taratibu, akadhani ndivyo ulivyo mpaka mwisho. Sivyo. Maji hayo yashukayo kutoka Kilimanjaro na Meru yakifika baina ya mji wa Pangani na Bweni hukutana na bahari, na mlangoni pana mafungu ya mchanga yasiyokaa mahali pamoja. Mara mbili mchana na usiku bahari huingia mtoni, na mara mbili hutoka, na kila siku huchelewa kiasi cha dakika hamsini kuliko jana yake. Hayo babu zetu waliyajua bila ya saa, kwa kuwa waliitazama tarehe ya mwezi.

Na hapa ndipo ninapotaka ndugu zangu wasikilize vyema, kwani ajabu yake ni kubwa na watu wengi hawaiangalii. Idi ya Fitiri ni mosi ya Shawwali. Mwezi mwandamo ndio wakati wa bamvua, maji yanapojaa mno na kupwa mno, hata tofauti yake katika pwani yetu hufika mita tatu na kupita. Na katika pwani hii, siku za bamvua, maji hupwa kabisa kiasi cha saa nne na saa tano ya asubuhi, na hujaa kiasi cha saa kumi na saa kumi na moja ya jioni. Basi fikirini: watu wamesali sala ya Idi, wamerudi, wamekula, watoto wamevaa nguo mpya, na kila mtu ataka kwenda mtoni, saa hiyo ndiyo saa ambayo mto hauna maji, na ilhali pamekuwa na msongamano, maana waendao Bweni kuwaamkia jamaa zao, na wenye mitumbwi, na kivuko, wote wamebanana katika mkondo mmoja mwembamba uliobaki katikati. Ama Idi ya Hija huangukia tarehe 10, maji yakiwa ndiyo kwanza yanatoka katika maji mafu. Kujaa kwake huwa karibu na adhuhuri, na mto huwa mpole zaidi. Mzee aliyewakataza bila shaka aliyajua haya, ijapokuwa hakuwaeleza. Wazee wetu wana tabia hiyo, hukataza kwa neno moja wakaondoka.

Sasa vipi maji machache huua? Motaboti iendayo mbio ikipanda fungu husimama ghafula, na aliyesimama omoni hutupwa mbele. Watu huruka ili waisukume, na kijana hajazima mashine, na rafadha inazunguka chini ya maji ya rangi ya udongo ambayo jicho halipenyi. Au mtu huruka upande wa mikoko, mguu ukazama katika tope mpaka pajani. Au huruka upande wa pili, ambapo fungu limekatika kama ukuta, akaingia katika kilindi cha mkondo. Mtoto mdogo maji ya magoti ya baba yake ni ya kifua chake. Sikumtaja mamba, kila mtu wa mto anamjua.

Yataka pia kujua tofauti hii. Chombo kikipanda maji yakiwa yanajaa, si msiba. Tulieni, mto wenyewe utakinyanyua. Lakini kikipwelewa maji yakitoka, kila dakika inayopita yazidi kukikausha, kitalala ubavu, na mtakaa juani na watoto wachanga saa nyingi. Na kama ni mlangoni, maji ya mto yatokayo yakikutana na upepo wa baharini, mawimbi husimama wima yakapiga chombo kisichoweza kugeuka. Kwa hiyo penye maji machache usitembee ila maji yakijaa. Mwendo uwe wa polepole, na mmoja akae mbele na pondo mkononi akipima kina. Kina kikipungua, mashine inyanyuliwe na chombo kiende kwa pondo. Kwani mashine hunywa maji ya mto ili ipoe, na ikinywa mchanga huziba ikaungua, mkabaki katikati ya mto hamna la kufanya.

Idadi ya watu ihesabiwe kabla ya kufungua kamba, kwa sauti, na mtoto ahesabiwe kuwa mtu. Wote wakae chini. Mkifika gatini asisimame mtu mpaka chombo kimefungwa, wala watu wasiende wote upande mmoja, kwani MV Nyerere nayo ilipinduka karibu na kufika, watu walipokuwa wakijiandaa kushuka.

Iko haki ya wengine pia. Mawimbi yaachwayo nyuma na mashine hayawi kitu kwa mwenye motaboti, lakini kwa mtumbwi uliojaa nazi, ukingo wake ukiwa umebaki vidole vinne juu ya maji, ni maangamizo. Mtume (s.a.w.) amekataza kudhuru na kudhuriana. Mwenye kupita mbio mbele ya mvuvi akamkatia nyavu yake, au akammwagia samaki wake, ana deni, hata kama ni siku ya Idi na watoto wanacheka. Kivuko nacho kipishwe, kwa kuwa ni kizito na hakigeuki upesi. Na mmekumbuka bila shaka hadithi ya watu waliogawana jahazi, wa chini wakataka kutoboa upande wao ili wapate maji; walio juu wakiwaacha, wote huangamia. Basi kwa nini abiria wanyamaze wamwonapo nahodha amezidisha watu? Mwanamke akisema kuwa chombo kimejaa, asiambiwe kwamba hana ilimu ya bahari. Huenda yeye peke yake ndiye anayeona maji yanaingia, kwa kuwa amekaa chini penye ngama.

Na kwa kuwa tumewataja wanawake, tuseme na hili, ijapokuwa baadhi ya waume halitawapendeza. Buibui likilowa ni zito, humvuta mtu chini. Boya huvaliwa juu ya buibui, likafungwa vizuri, wala hapana sitara inayovunjika kwa hilo. Tumesikia waume wasemao kwamba boya humchora mwanamke mwili. Huyo achague: ama ampe boya, ama amwache nyumbani. Kumpeleka mtoni bila ya boya kwa jina la haya si haya. Na mabinti wafunzwe kuogelea mahali pa faragha, na wanawake wenzao, wangali wadogo.

Basi jawabu ni kwamba mzee alisema kweli juu ya saa ile, na kijana hakusema kweli katika neno lolote kati ya mawili. Lakini safari yenyewe si haramu, wala watoto wasinyimwe furaha ya Idi. Sali adhuhuri kwanza. Maji wakati huo yamekwisha geuka, yanapanda. Toka baada ya sala, pamoja na petroli ya kutosha kwenda na kurudi na nyingine ya akiba, elekea juu ya mto, mbali na mlango, na urudi kabla ya wakati wa alasiri kupita, maji yangali mengi. Someni dua ya kupanda chombo, wote, na watoto wafundishwe. Na mzee yule asiachwe pwani. Apandishwe, akae omoni, apewe pondo, na kijana ashike mashine akiutazama mkono wa mzee.

Wabillahi taufiki.