Pupa ya Kunenepa na Pupa ya Kukonda

 



Katika darsa yetu ya baada ya Magharibi kijana mmoja aliuliza suala lililowachekesha baadhi ya waliohudhuria. Aliuliza: Je, kupunguza unene ni jambo la dini, au ni katika mambo ya dunia ambayo sheikh hana haja ya kuyasemea? Waliocheka walicheka kwa kuwa walinitazama mimi. Wala sikuchukizwa, kwani tumbo langu lilikuwa shahidi asiyeweza kukanushwa. Jawabu nililompa usiku ule lilikuwa fupi; hili hapa ndilo refu, na ndani yake mna aibu yangu mwenyewe. Naona ni afadhali niitoe kuliko kuificha, mwengine akaja akatumbukia katika shimo lile lile.

Mwili huu hatukuuumba wala hatukuununua. Ni amana tuliyokabidhiwa, na mwenye amana huulizwa alivyoitunza. Katika Suratul-Aaraf Mola wetu ametuhalalishia kula na kunywa, na papo hapo akatukataza israfu. Na Mtume (S.A.W.) ametufunza kuwa hapana chombo kiovu zaidi mwanadamu akijazacho kuliko tumbo lake, na kuwa yamtosha mtu tonge chache za kumsimamisha mgongo, na akiwa hana budi, basi theluthi iwe ya chakula, theluthi ya maji na theluthi ya pumzi. Hadithi hii twaijua sote. Huisomwa kila Ramadhani, nasi twaisikiliza huku harufu ya sambusa ikitujia kutoka jikoni.

Hebu tuutazame mwendo wa siku moja ya mtu wa mji wetu, mtu wa kadiri, si tajiri wala si fukara. Asubuhi mahamri manne kwa mbaazi za nazi, na chai ya vijiko vitatu vya sukari. Saa nne viazi vya karai na soda. Adhuhuri wali wa nazi sinia tele, na mchuzi, na baada yake hulala. Alasiri barazani kahawa kwa kashata au kipande cha halua. Usiku chapati za samli. Na kati ya chakula na chakula hupanda tuktuki kwenda msikiti ambao sauti ya mwadhini wake yamfikia kitandani! Babu zetu nao walikula wali wa nazi, hilo sikatai. Lakini walivuta makasia, walipandisha matanga, walibeba magunia bandarini, na aliyetaka kumzuru nduguye alikwenda kwa miguu. Sisi tumekirithi chakula chao bila ya kuirithi kazi yao.

Tumezidisha na mambo wao wasiyoyajua. Chupa ndogo ya soda ya mililita 300 ina gramu kama 30 za sukari, nayo ni vijiko saba vya chai au zaidi. Shirika la Afya Duniani mwaka 2015 lilishauri kuwa sukari ya kuongezwa isizidi sehemu ya kumi ya nguvu yote ya chakula cha mtu kwa siku, na likaona bora zaidi ishuke hadi nusu ya kiasi hicho, yaani kama vijiko sita kwa mtu mzima. Basi mwenye kunywa soda moja amekwisha fungu lake kabla ya kugusa chai. Na mafuta ni mazito zaidi: gramu moja ya sukari ina kalori nne (hicho ndicho kipimo cha nguvu ya chakula), na gramu moja ya mafuta ina tisa. Kijiko kimoja kikubwa cha mafuta chakaribia kalori 120. Mpishi wetu akimimina karaini, nani ahesabuye vijiko?

Na juu ya yote iko ada. Kwetu mtu akinenepa huambiwa amenawiri. Bibi arusi akirudi kwao amepungua kidogo, mama mtu huuliza kama kule hapikwi. Katika karamu mwenyeji huona haya sinia likirudi tupu, na mgeni huona haya likirudi limejaa, na baina ya haya hizi mbili watu hula mpaka pumzi zikawakatikia. Kisha mtu akiugua kisukari husema amekumbwa na hasad, akatafuta kombe la kunywa kabla ya kutafuta kipimo cha damu.

Sasa nije kwenye aibu yangu. Nilipopimwa nilikuwa kilo 103, na daktari akaniambia kuwa sukari yangu imepanda. Si kisukari bado, lakini ni mlangoni mwake. Niliingiwa na khofu. Marehemu baba yangu alikatwa mguu kwa maradhi haya, nami ndiye niliyemwogesha muda wote wa mwisho wake. Badala ya kumwuliza daktari nifanyeje, nilitoka pale nimekwisha jifungia nadhiri moyoni: nitafunga kila siku, nitafuturu kwa tende tatu na maji, sitakula daku, na kila usiku nitakunywa sanamaki ili niutoe uchafu wa miaka yote. Mke wangu alinikataza. Nilimjibu kwa maneno makali kuwa asiingilie kati ya mja na ibada yake.

Siku kumi za mwanzo nilipungua kilo tano, nikajiona shujaa. Siku ya kumi na mbili, nikishuka ngazi za msikiti baada ya sala ya Alfajiri, macho yalinigiza na moyo ukapiga mbio pasi na mpango. Nilizindukana nimelazwa kitanda cha hospitali, nina jeraha la kipaji na sindano ya maji mkononi.

Daktari mwanamke aliyenipokea alinisomesha kwa upole kama mwanafunzi wa chuoni. Alisema kuwa sehemu kubwa ya kilo zile tano haikuwa mafuta. Ilikuwa ni maji, na nyama ya misuli yangu. Sanamaki haiyeyushi mafuta hata kidogo. Husukuma maji na chumvi za mwili nje, na miongoni mwazo ni potasiamu, ambayo moyo hauendi sawa bila yake. Mwenye kujikondesha kwa haraka hujitia pia katika khatari ya mawe ya nyongo. Na misuli ikipotea, mwili huwa na haja ya chakula kichache zaidi, hata mtu arudipo kula kama desturi yake hunenepa upesi kuliko mwanzo.

Nilipokuwa nimelala pale nilijikumbuka mimi ni mtu wa kusomesha fiqhi. Mtume (S.A.W.) aliwakataza sahaba zake wisali, yaani kuunganisha saumu bila ya kufuturu. Ametuhimiza daku na kutuambia kuwa ina baraka. Salman (R.A.) alipomwona Abu Dardaa (R.A.) amejitaabisha kwa saumu na kisimamo hata amemsahau mkewe, alimwambia kuwa Mola wake ana haki juu yake, na nafsi yake ina haki, na ahli zake wana haki, na Mtume akasema Salman amesema kweli. Haya yote nimeyasomesha si mara moja. Na niya yangu je? Nilijiita mwenye kufunga, na kila asubuhi kitu cha kwanza nilichokikimbilia kilikuwa mizani. Ile haikuwa saumu. Ilikuwa ni pupa ile ile iliyoninenepesha, imegeuza kanzu tu.

Baadhi ya ndugu zetu hawafuati njia ya njaa, bali hununua vidonge na majani ya chai ya kukondesha, yauzwayo kwa ahadi ya kilo kumi kwa mwezi. Tahadharini nayo. Iko dawa iitwayo sibutramini, iliyoondolewa sokoni Ulaya na Marekani mwaka 2010 baada ya kudhihirika kuwa huzidisha khatari ya maradhi ya moyo na kiharusi. Na wachunguzi wameikuta mara nyingi imefichwa ndani ya bidhaa za kukondesha ziitwazo za mitishamba. Yule aliyekuandikia juu ya paketi kuwa ni majani matupu hakukuapia.

Basi ni ipi njia ya salama? Daktari yule aliniambia nusu kilo kwa wiki, na isizidi kilo moja. Nilipoguna kuwa ni kidogo, alinipa khabari ya uchunguzi uliofanywa Marekani na matokeo yake kutangazwa mwaka 2002. Walikusanywa watu 3,234 wanene, ambao sukari ya damu yao ilikuwa imepanda kama yangu bila ya kufikia kisukari. Kundi moja lilifunzwa kula kwa kiasi na kutembea dakika 150 kwa wiki, na kusudio lao lilikuwa kupunguza asilimia saba tu ya uzito. Kundi jengine lilipewa dawa ya metfomini, na jengine vidonge visivyo na dawa. Baada ya muda wa karibu miaka mitatu, walioingia katika kisukari katika kundi la chakula na matembezi walikuwa wachache kwa asilimia 58 kuliko wale wa vidonge vitupu; na katika kundi la dawa, kwa asilimia 31. Asilimia saba kwangu mimi ilikuwa ni kilo saba. Hakunitaka niwe mwembamba kama mshale. Alinitaka kilo saba. Nikaikumbuka hadithi isemayo kuwa amali impendezayo zaidi Mwenyezi Mungu ni ile idumuyo ijapokuwa chache, nikaona haya.

Nyumbani kwangu hatukuharamisha chakula chetu. Wali wa nazi uko, lakini mara mbili kwa wiki, na tui ni jepesi; siku nyengine ni muhogo wa kuchemsha au mkate wa unga usiokobolewa. Sahani nusu nzima ni mchicha, mnavu, bamia au kachumbari; robo ni samaki wa kuchoma, kunde au pojo; robo iliyobaki ndiyo wali. Mahamri yamekuwa ya Ijumaa. Chai nimeipunguzia kijiko baada ya kijiko mpaka nikaizoea bila ya sukari, na iliki sasa naisikia ladha yake. Soda tumeiacha kabisa. Twala polepole, kwani mwili huchukua muda kabla ya kuhisi kuwa umeshiba. Na mke wangu nilimtaka radhi.

Kutembea, nilianza dakika kumi baada ya Alfajiri, kwa sababu zaidi ya hapo magoti yalinikataza. Sasa huenda nusu saa, siku tano katika wiki, kutoka Mji wa Kale kupita Ngomeni hadi pwani ya Mama Ngina, kwa mwendo ambao mtu aweza kusema lakini hawezi kuimba. Siku mbili huongeza kazi ya kutia nguvu misuli: kuketi na kuinuka kitini mara kwa mara, kusukuma ukuta, kubeba madebe ya maji. Wako wasemao kuwa rakaa zetu zatosha kuwa mazoezi. Sala ni ibada, haikufaradhishwa kwa ajili ya kiuno. Na laiti ingelitosha, mimi nisingelifika kilo 103.

Limebaki jambo ambalo najua litawaudhi baadhi ya wasomaji. Katika uchunguzi uliofanywa nchini Kenya mwaka 2015, waliozidi uzito miongoni mwa wanawake walikuwa zaidi ya thuluthi, na ni maradufu ya wanaume. Nao ndio tunaowafungia ndani! Mume hutoka, huketi barazani, hupunga upepo wa bahari. Mke akisema ataka kutembea asubuhi pamoja na dada zake huambiwa ni aibu. Ni aibu ya nani? Bibi Aisha (R.A.) amesimulia kuwa alikuwa safarini pamoja na Mtume (S.A.W.), akawaambia watu watangulie, kisha wakashindana mbio wawili wao, na Bibi Aisha akashinda. Baadaye, alipokuwa amenenepa, walishindana tena, na mara hii Mtume akamshinda, akamwambia kwa mzaha kuwa hii ni ya kulipa ile. Mbora wa viumbe alikimbia na mkewe. Wewe waona haya kutembea na wako? Mwenye kuona uzito, na aende naye yeye mwenyewe alfajiri, buibui lake juu yake na heshima yake kamili. Na nyumba zetu za ghorofa zina ngazi. Kuzipanda na kuzishuka robo saa ni mazoezi yasiyomwonesha mtu kwa yeyote.

Kabla sijaweka kalamu, wako ambao hawafai kuanza lolote katika haya pasi na kumwona daktari: mwenye kutumia insulini au vidonge vya kisukari, kwani akipunguza chakula bila ya kupunguziwa dawa, sukari yaweza kumshuka ghafla akapoteza fahamu, mwenye maradhi ya moyo au figo, na mwenye kusikia maumivu ya kifua akitembea. Mja mzito na mwenye kunyonyesha wasijikondeshe. Na mtoto asinyimwe chakula. Aondolewe soda, kisha afunguliwe mlango acheze.

Mwezi uliopita ulitimia mwaka na miezi miwili. Nina kilo 92, na sukari imeteremka. Daktari ameniambia nisisherehekee kwa biriani. Mizani tumeinunua kwa mchango wa wana-darsa, nayo imewekwa nyuma ya kabati la vitabu. Wanaume hupimwa baada ya darsa, na wanawake wana siku yao ya Jumanne baada ya Alasiri, na mwenye kuwapimia ni muuguzi katika wao. Yule kijana aliyeuliza suala ndiye aandikaye daftari.

Wabillahi taufiki.