Maono ya Hukumu: Ni Khabari au ni Onyo?

Kuna suala moja ambalo watu wa dini nyingi hujikwaa nalo, wala hawalitazami vizuri. Mtu akioneshwa katika ruya kuwa mji fulani utaangamizwa, au kuwa watu watasimamishwa mbele ya Mola wao siku kadha wa kadha, je, alichooneshwa ni nini? Ni khabari ya jambo litakalokuwa hapana budi, kama nahodha asemavyo kuwa bamvua litakuwa siku fulani? Au ni onyo, ambalo lamtaka mwenye kulisikia aondoke pale alipo? Maneno haya mawili yakaribiana katika ulimi, lakini katika maana yako mbali, na kwa kutoyatenga watu wengi wamepotea hali kitabu ki mikononi mwao.

Mfano wake ulio wazi u katika vitabu vya Manasara, khasa kitabu cha Danieli, na kile cha mwisho kiitwacho Ufunuo. Katika mlango wa nane wa Danieli mwenye maono aona kondoo dume mwenye pembe mbili, hapana mnyama awezaye kumzuia. Kisha beberu aja mbio kutoka magharibi, ana pembe moja kubwa baina ya macho yake, amvunja kondoo yule na kumkanyaga. Pembe ya beberu nayo yavunjika, zamea nne mahali pake, na katika moja yazo yatoka pembe ndogo, ikakua hata ikaondoa sadaka ya kila siku katika Hekalu. Yaulizwa mambo hayo yatakwenda mpaka lini, na jawabu yaja kwa idadi: jioni na asubuhi elfu mbili na mia tatu, ndipo patakatifu patakapotengenea.

Hapa pana jambo la kuzingatiwa. Danieli mwenyewe hakufahamu alichokiona. Aliyemfasiria ni Jibril, na tafsiri imo mumo humo kitabuni: kondoo ni wafalme wa Wamedi na Waajemi, beberu ni ufalme wa Wayunani. Ndipo wengi wakasema kuwa pembe kubwa ni Iskandar, aliyekufa mwaka 323 kabla ya Nabii Isa, na zile nne ni majemadari waliogawana milki yake. Pembe ndogo wengi waliisoma kuwa ni Antiochus wa Nne, mfalme wa Sham, aliyelitia najisi Hekalu la Baitul Mukaddas mwaka 167 kabla ya Nabii Isa, na Mayahudi wakalitakasa mwaka 164. Kwa usomaji huu jioni na asubuhi ni jioni na asubuhi, yaani siku zijulikanazo na kila mtu. Mwanafalsafa Porphyry, wa karne ya tatu, alikwenda mbali zaidi akasema kitabu chenyewe kiliandikwa zama za Antiochus, mambo yakiwa yamekwisha kuwa. Jerome akamjibu mwanzoni mwa karne ya tano, na ugomvi huo haujesha. Lakini haya ni ya wanavyuoni, wala hakuna mkulima aliyeacha shamba lake kwa ajili yake.

Wakulima walioacha mashamba yao walikuwa Marekani. Alikuwako huko mtu jina lake William Miller, mkulima wa Low Hampton katika dola ya New York, aliyezaliwa mwaka 1782. Ujanani hakuamini wahyi. Alimkubali Mungu aliyeuumba ulimwengu kisha akauacha uende wenyewe. Alikwenda vitani mwaka 1812, akarejea moyo wake umegeuka, akaketi na Biblia peke yake aya baada ya aya. Mwaka 1818 alikuwa amekwisha kukata shauri lake. Alisema siku moja katika maono ni mwaka mmoja, kwa kuwa Ezekieli aliamrishwa kuhisabu hivyo katika jambo lake. Akaanzia mwaka 457 kabla ya Nabii Isa, mfalme wa Uajemi alipomruhusu Ezra kwenda Baitul Mukaddas. Akahisabu miaka 2300, ikamwangukia mwaka 1843. Patakatifu patakapotakaswa, kwake yeye, ni dunia nzima, na kitakachoitakasa ni moto, siku atakaporudi Masihi.

Kwa miaka kumi na mitatu hakusimama kuhubiri. Alipoanza mwaka 1831, maneno yake yalikwenda kama moto wa kiangazi. Magazeti yalipigwa chapa. Nguo kubwa zilichorwa wanyama wa Danieli na nambari pembeni yao, zikatundikwa mbele za watu ili kila mtu ajumlishe kwa macho yake. Mwaka 1843 ukapita, na muhula aliouweka Miller ukaisha mwezi wa Machi 1844. Ndipo mmoja wa wafuasi, Samuel Snow, alipotoa siku yenyewe: tarehe 22 Oktoba 1844, siku ya kumi ya mwezi wa saba kwa hisabu aliyoifuata ya Mayahudi, ambayo ni siku yao ya kafara. Miller naye akaridhia mwishoni. Makumi ya maelfu wakangoja. Wako walioacha viazi na nafaka shambani visivunwe, kwani mwenye kuvuna ameungama kuwa ana haja ya chakula cha kesho. Wako waliolipa madeni yao na kuombana radhi, na hilo lilikuwa jema. Yasemwa kuwa walivaa kanzu nyeupe na kupanda juu ya mapaa, lakini uadilifu wataka isemwe kuwa wanatarikhi hawakupata ushahidi wa maneno hayo. Yaliandikwa na wenye kuwacheka.

Siku ile ilikuwa Jumanne. Jua likachwa, usiku ukaingia. Mmoja wao, Hiram Edson, ameandika kuwa walilia mpaka alfajiri.

La ajabu katika kisa hiki ni kuwa hisabu ilikuwa sahihi. Toa 457 katika 2300, zabaki 1843. Na kwa kuwa hapana mwaka wa sifuri baina ya kabla na baada, huwa 1844. Kosa halikuwa katika kujumlisha na kutoa. Vivyo hivyo kwa Michael Stifel, padri wa Ujerumani na rafiki wa Luther, bingwa wa hisabu ambaye kitabu chake cha mwaka 1544 ni katika vitabu vikubwa vya fani hiyo kwa zama zake. Huyo alitangaza kuwa Kiyama kitasimama tarehe 19 Oktoba 1533, saa mbili ya asubuhi. Watu wa kijiji chake wakaacha kazi na kungoja. Saa ikapita, naye akatiwa kizuizini. Mtu aweza kuwa hodari wa nambari, na nambari zisiwe na ujuzi wowote wa jambo analoziuliza.

Ama Ufunuo, humo mna mnyama ambaye idadi ya jina lake ni 666. Watu wa pwani wajuao abjadi hawahitaji kuelezwa namna ya kazi hii. Liandike jina la Neron Kaisari, mfalme wa Rumi aliyewaua Wakristo na kufa mwaka 68, kwa herufi za Kiebrania: nuni hamsini, ra mia mbili, wau sita, nuni hamsini, kisha qaf mia, sini sitini, ra mia mbili. Jumla yake ni 666. Na katika nuskha nyingine kongwe imeandikwa 616, nalo jina hilo likiandikwa kwa lafudhi ya Kirumi, bila ya nuni ya mwisho, latoa 616 kamili. Hii ni hoja yenye nguvu kuwa mwenye kuandika alikuwa akiwaambia watu wa zama zake, waliokuwa katika dhiki, kuwa jabari aliyewatesa naye ana Mola atakayemhukumu.

Lau tafsiri ingalisimama hapo, isingalimdhuru mtu. Lakini idadi ile ikawa ni upanga, kila mwenye adui akiushika. Mwaka 1213 Papa Innocent wa Tatu, katika barua ya kuwaita watu wa Ulaya kwenye vita vya msalaba, aliinasibisha na dini ya Mtume Muhammad (s.a.w.), akasema kuwa katika miaka 666 imekwisha kupita karibu 600, na mwisho wake umekaribia. Muda huo ulitimu katika karne ile ile, wala adhana haikukoma. Baada ya miaka mia tatu Stifel akaipata 666 katika jina la Papa Leo wa Kumi. Na baadaye Petrus Bungus, wa upande wa Papa, akaipata katika jina la Luther. Kila mmoja alitafuta, na kila mmoja alipata. Mwenye kuangalia vizuri ataona kuwa hapana hata mmoja katika hao aliyelihisabu jina lake mwenyewe.

Isaac Newton, mjuzi mkubwa wa elimu ya maumbile, alikuwa na kitabu juu ya Danieli na Ufunuo, kikapigwa chapa mwaka 1733, miaka sita baada ya kufa kwake. Alisema humo kuwa upumbavu wa wafasiri ni kutaka kubashiri nyakati kwa maono haya, kana kwamba Mungu alitaka kuwafanya wao manabii. Kwake yeye, maono hufahamika jambo likisha kuwa, ili ionekane kuwa Mungu ndiye mwenye kuendesha ulimwengu. Maneno hayo ni mazito, lakini hayatoshi. Kwani ikiwa onyo halifahamiki illa baada ya adhabu kushuka, aliyeonywa amefaidika nini?

Jawabu i katika kisa ambacho Waislamu na Wakristo wote wanacho, nacho ni kisa cha Nabii Yunus. Katika kitabu cha Wakristo, Yunus aingia mji wa Ninawi akanadi kuwa baada ya siku arubaini utapinduliwa. Hakutaja sharti. Hakusema "mkitubia". Idadi ilikuwa wazi kuliko ya Danieli, wala haikuhitaji taawili ya siku kuwa mwaka. Mfalme akashuka katika kiti chake, akavaa gunia, watu wakafunga, hata wanyama wakanyimwa maji. Siku arubaini zikapita, na mji umesimama. Na Qur'ani yathubutisha asili ya jambo hili: kaumu ya Yunus waliamini, nao wakaondolewa adhabu ya hizaya. Basi je, Yunus alisema uwongo? Hapana Muislamu wala Mkristo athubutuye kusema hivyo. Maneno yake yalikuwa kweli, na ukweli wake ulitimia kwa kutotokea yale aliyoyataja.

Mwenye kubisha aweza kusema: ikiwa ni hivyo, kila mrongo ameokoka, kwani tarehe yake ikipita atasema, "Walitubia." Na kweli Taurati yao yasema kuwa anayenena kwa jina la Mungu, kisha jambo lisiwe, hakutumwa na Mungu. Hoja hii si ya kupuuzwa. Lakini Yeremia katika kitabu kile kile apelekwa nyumbani kwa mfinyanzi, amwona akikivunja chombo na kukifinyanga upya, na aambiwa kuwa taifa lililokwisha kuahidiwa maangamizi likirejea, Mungu naye huliondolea maangamizi yale. Basi kipimo si tarehe peke yake. Yunus aliwaambia watu wa Ninawi juu ya uovu wao wenyewe, na walikuwa na la kufanya. Papa Innocent aliwaambia watu wake juu ya uovu wa wengine. Ama siku ya Miller, hapakuwa na toba ambayo ingaliweza kuirudisha nyuma hata saa moja. Ulimwengu wote ungalitubia, na bado tarehe 22 Oktoba ingalikuwa ni ile ile. Ukilivua onyo sharti lake, imebaki falaki.

Wala Waislamu wasicheke sana. Mwaka 1908 barua iitwayo ya Makka ilipita katika pwani ya kusini ya Tanganyika, khasa Lindi, ikisimulia ruya ya Sheikh Ahmad wa Madina, na kuwa Kiyama kimekaribia. Misikiti ikajaa, na serikali ya Wajerumani ikaingiwa na khofu. Aweza kuuliza mtu: ubaya uko wapi, ikiwa watu wamesali? Ubaya huja baadaye, watu wanapoona jua limetoka kama desturi. Aliyesali kwa ajili ya barua ataiacha Sala pamoja na barua. Katika wafuasi wa Miller wako walioitupa dini kabisa asubuhi ile. Wengine walishika kuwa tarehe ilikuwa sawa, ila kilichotakaswa ni patakatifu pa mbinguni. Nao ndio Wasabato, waliounda jumuiya yao mwaka 1863, na wamisionari wao wakafika milima ya Upare mwaka 1903. Taawili hiyo haiwezi kukanushwa kwa jicho, wala kuthubutishwa kwa jicho.

Miller mwenyewe aliungama kuwa alikosa katika wakati, akafa mwezi wa Disemba 1849 akingali akingoja. Yunus, kama kitabu chao kisimuliavyo, alikuwa na machungu mengine: alikasirika kwa kuwa mji haukuangamizwa. Alitoka nje akaketi atazame, Mungu akamwoteshea mmea umfunike kivuli, kisha mmea ukaliwa na mdudu ukakauka, naye akausikitikia. Ndipo alipoulizwa: wewe wausikitikia mmea usioupanda, nami nisiusikitikie mji mkubwa wenye watu zaidi ya 120,000, na wanyama pia? Kitabu chakoma hapo kwenye swali, wala haikuandikwa kuwa Yunus alijibu.