Tusiifanye kadari kichaka cha kujifichia



Juni 24, 2002, treni ya abiria iliyotoka Dar es Salaam ilipata hitilafu ya breki ikipanda mlima mkoani Dodoma. Ilisimama, kisha ikaanza kurudi nyuma kwa kasi, hadi ikagongana na treni ya mizigo eneo la Igandu. Watu 281 walipoteza maisha.

Sisi wa Mafia hatuna reli. Hata hivyo, habari zilipotufika Kilindoni tulihuzunika, na barazani baada ya Swala ya Alasiri kila mtu alisema neno moja: "Ajali haina kinga, ni kadari." Nami niliitikia.

Miezi michache baadaye nilipanda boti Nyamisati kurudi nyumbani. Ilijaa watu, magunia na mbuzi, maji yakawa karibu na ukingo. Mzee mmoja akamwambia nahodha, "Mwanangu, punguza watu." Abiria tukamzomea: "Mzee, kama huna tawakkul, shuka!" Mzee akashuka. Mimi nilicheka pamoja na wenzangu.

Tulifika salama. Lakini kufika salama si ushahidi kwamba tulikuwa sawa. Yule mzee ndiye aliyeielewa tawakkul. Sisi tulikuwa wazembe tuliovaa kilemba cha imani.

Kuamini kadari ni nguzo ya imani yetu, hapana shaka. Lakini Mtume (SAW) alipoulizwa kuhusu ngamia, alielekeza afungwe kwanza, ndipo mtu amtegemee Allah. Naye Allah (SW) ametukataza kujitupa katika maangamizi kwa mikono yetu wenyewe, na ametuamrisha kurudisha amana kwa wenyewe. Je, ipo amana kubwa kuliko roho za watu?

Kwa hiyo fundi anayekagua breki amebeba amana. Nahodha anayehesabu abiria amebeba amana. Na abiria anayeona munkari akanyamaza, au akacheka kama nilivyocheka mimi, naye ana swali lake mbele ya Mola wake.

Ikitokea ajali tuseme Innaa lillahi, na tusubiri. Kabla ya safari, tufunge ngamia.

Allah awape subira wafiwa wa Igandu, na anisamehe kicheko changu cha siku ile. Wallahu a'alam.