Dhara Jepesi kwa Kiasi Chake

Mvutaji wa sigara anayetaka kuacha, na ambaye amekwisha kujaribu kwa azma tupu akashindwa, hukabiliwa na swali lililojadiliwa na wanazuoni wa fiqhi, yaani elimu ya sheria ya Kiislamu, karne nyingi kabla ya sigara ya kielektroniki kubuniwa, nalo ni kama inajuzu kulitenda kwa makusudi dhara dogo ili kuliepuka kubwa, na ikiwa inajuzu, ni nani anayeupima ukubwa na udogo huo. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba jibu haliwezi kupatikana kwa kukitazama kifaa chenyewe na kukipa hukumu moja, bali linategemea kwa sehemu kubwa namna mvutaji anavyokichagua kifaa chake cha kwanza, kwa kuwa katika uchaguzi huo ndimo kipimo cha haja yake kinamowekwa au kinamopotea.

Tumbaku ilipowasili katika nchi za Kiislamu kutoka bara la Amerika, mwishoni mwa karne ya 16 na mwanzoni mwa karne ya 17, haikuwa na hukumu katika vitabu vilivyotangulia, na wanazuoni waligawanyika vikali. Sultani Murad IV wa dola ya Uthmaniya aliipiga marufuku mwaka 1633 na kuwaadhibu wavutaji kwa kifo, ilhali Ali al-Ujhuri, mwanachuoni wa Kimaliki nchini Misri, aliandika kuihalalisha, na Abd al-Ghani al-Nabulusi wa Dameski, aliyefariki mwaka 1731, akafuata mkondo huohuo. Walioiruhusu hawakusema kwamba dhara linaruhusiwa. Walisema kwamba dhara halijathibitika, na ndiyo sababu, tiba ya karne ya 20 ilipolithibitisha, hoja yao ilianguka yenyewe bila mtu kuhitaji kuupinga msingi wake. Wanazuoni wa Ibadhi, ambao madhehebu yao yana mizizi Oman na Zanzibar, kwa jumla hawakuipa tumbaku nafasi pana kiasi hicho.

Sigara ya kielektroniki, iliyobuniwa mwaka 2003 na mfamasia wa Kichina, Hon Lik, ilikutana na wanazuoni waliokwisha kujifunza kutokana na historia hiyo. Baraza la fatwa la taifa la Malaysia liliiharamisha Desemba 2015, na jumuiya ya Muhammadiyah ya Indonesia ikafanya vivyo hivyo Januari 2020. Fatwa hizo zina haki kamili juu ya kijana ambaye hajawahi kuvuta chochote, kwa kuwa yeye huacha hewa safi akaufuata mvuke. Lakini mtu wa miaka 50 anayemaliza pakiti moja kila siku hachagui kati ya mvuke na hewa safi. Anachagua kati ya mvuke na moshi, na kumhukumu kana kwamba chaguo la tatu limo mkononi mwake ni kulijibu swali ambalo hakuliuliza.

Kanuni zinazomhusu zimo katika elimu iitwayo qawaid, yaani misingi mifupi inayokusanya hukumu nyingi chini ya wazo moja. Izz al-Din ibn Abd al-Salam, aliyefariki mwaka 1262, na al-Suyuti, aliyefariki mwaka 1505, wote wawili wa madhehebu ya Shafi yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani ya Afrika Mashariki, waliandika kwa kina kuhusu kupima masilahi na madhara, na baadaye misingi kadhaa ya namna hiyo ikaingizwa katika Majalla, mkusanyiko wa sheria za Uthmaniya uliotolewa kati ya mwaka 1869 na 1876. Msingi mmoja huruhusu kulibeba dhara jepesi ili kuliondoa zito. Mwingine huzuia kuliondoa dhara kwa dhara lililo sawa nalo. Wa tatu huifunga dharura ndani ya kiasi chake, isivuke hata kidogo. Na wa nne hueleza kwamba kilichoruhusiwa kwa sababu ya udhuru huondoka udhuru unapoondoka. Wanaoitetea sigara ya kielektroniki hupenda kuutaja wa kwanza na kuisahau mitatu inayobaki.

Kwamba mvuke ni dhara jepesi kuliko moshi, ushahidi ni mzito. Nikotini ndiyo inayomfunga mvutaji, lakini kinachomuua zaidi ni lami na gesi zitokanazo na kuungua kwa jani, jambo ambalo Michael Russell, daktari wa magonjwa ya akili wa London, alilisisitiza tangu miaka ya 1970. Mwaka 2016 chuo cha kifalme cha madaktari cha London kilikadiria kwamba madhara ya muda mrefu ya mvuke hayaelekei kuzidi asilimia 5 ya yale ya moshi. Makadirio si uthibitisho, na Shirika la Afya Duniani limeendelea kuwa na tahadhari kubwa zaidi, lakini fiqhi haidai yakini katika mizani ya namna hii. Hutosheka na dhana yenye nguvu.

Pingamizi gumu zaidi linatoka kwingine. Ikiwa plasta na ubani wa nikotini vipo, na ni vyepesi zaidi kwa madhara, basi mwenye kuviruka amekiuka msingi uleule anaoutegemea. Jaribio lililofanywa Uingereza na kuchapishwa mwaka 2019, likiwa na washiriki 886, liliwagawa watu kati ya dawa hizo na sigara ya kielektroniki, na baada ya mwaka mmoja asilimia 18 ya waliopewa kifaa walikuwa wameacha sigara, dhidi ya asilimia 9.9 ya waliopewa dawa. Dhara la plasta kwa mtu ambaye plasta imemshinda haliwezi kuhesabiwa kwa plasta peke yake, kwa sababu jioni atarudi kwenye moshi, na moshi huo ni lazima uingie katika hesabu. Kwa hiyo anayestahili ruhusa ni yule aliyeijaribu njia nyepesi kwa ukweli ikamshinda, na hapa wengi hujidanganya kuhusu neno ukweli.

Watakuwapo watakaosema kwamba aliyeweza kujizuia kutoka alfajiri hadi magharibi katika Ramadhani, takribani saa 13 kwa wakazi wa pwani, hana dharura yoyote. Hoja hiyo inavutia, lakini inachanganya mambo mawili, maana mfungaji huvumilia akiijua saa ya kufuturu, wakati anayeacha kabisa hana adhana inayomngojea, na arosto, kama mitaani wanavyoiita ile hali ya mwili kudai ulichozoea, huweza kudumu kwa wiki kadhaa. Wanazuoni walikwisha kutenganisha dharura, ambayo kuikosa kunaangamiza, na haja, ambayo kuikosa kunatia dhiki nzito, kisha wakaona kwamba haja huweza kushika nafasi ya dharura. Hali ya mvutaji ni ya aina hii ya pili, yaani haja, na ndiyo maana inahitaji kipimo kikali zaidi.

Pwani imekwisha kupita njia hii ya kuliondoa dhara zito kwa jepesi, tena kwa sumu kali zaidi. Hospitali ya Taifa ya Muhimbili, Dar es Salaam, ilianza mwaka 2011 kutoa methadoni kwa waliofungwa na heroini, na huduma kama hiyo ikafika Zanzibar na pwani ya Kenya, katika jamii za Waislamu. Lakini methadoni hunywewa mbele ya mhudumu, kwa kiwango alichokiandika daktari. Kipimo kimo mikononi mwa asiyekuwa na uraibu. Anayenunua sigara ya kielektroniki dukani ni mgonjwa, daktari na mteja kwa wakati mmoja, na muuzaji aliye mbele yake hafaidiki kwa kupona kwake.

Hapo ndipo maelezo yanayoonekana ya kiufundi yanapogeuka kuwa ya kimaadili. Kifaa kina betri, koili inayopasha moto, na tangi la majimaji yaliyotengenezwa kwa glisirini, propileni glikoli, ladha na nikotini. Mcha Mungu anayeanza huelekea kuchagua nikotini kidogo kabisa, akidhani kwamba huko ndiko kuifunga dharura ndani ya kiasi chake, kumbe kiasi cha dharura ni kile kinachoiondoa, si kile kilicho kidogo kuliko vyote. Mwenye pakiti moja kwa siku akianza na miligramu 3 kwa mililita atavuta mfululizo, ataupa mwili wake mvuke mwingi kuliko inavyohitajika, na huenda akairudia sigara, hivyo akakusanya madhara mawili mahali pa moja. Washiriki wa jaribio la Uingereza walianza na miligramu 18, chini kidogo ya kikomo cha miligramu 20 kinachowekwa na sheria ya huko, katika kifaa cha kujazwa tena. Kujazwa tena ni jambo kubwa kuliko linavyoonekana, kwa maana kifaa hicho humruhusu mtumiaji kushuka hadi 12, kisha 6, ilhali kile cha kutupwa, chenye rangi na ladha za peremende, hakina ngazi ya kuteremkia. Uingereza ilipiga marufuku uuzaji wa vya kutupwa Juni 2025, kwa ajili ya mazingira na watoto. Mwanafiqhi angeongeza kwamba hata kwa mtu mzima havibebi ushahidi wa nia ya kuacha.

Msingi wa nne ndio unaobaki kuwa mgumu. Katika jaribio lilelile, miongoni mwa walioacha sigara kwa msaada wa kifaa, asilimia 80 walikuwa bado wanakitumia baada ya mwaka. Msomaji mkali ataona hapo udhuru uliokwisha na ruhusa iliyogoma kuondoka. Lakini udhuru wa mvutaji si sigara iliyo mkononi, ni hatari ya kuirudia, na hatari hiyo haizimiki siku sigara ya mwisho inapozimwa. Ruhusa yake kwa hiyo inadumu, ila imebadilika sura: haimruhusu tena kubaki alipo, inamruhusu kushuka polepole, na anayebaki kwenye kiwango kilekile mwaka wa pili na wa tatu, bila kujaribu kupunguza, ametoka ndani ya msingi huo hata kama hajawasha kiberiti. Aliyefika kwenye majimaji yasiyo na nikotini kabisa na bado anavuta hana tena mizani ya madhara mawili ya kujitetea nayo, na jambo lake linarudi kwenye mlango wa kawaida wa fiqhi, pale mtu anapoulizwa kwa nini anatumia mali yake na mapafu yake kwa kitu asichokihitaji.