Kisichosikika: Ubora wa Sauti ya Redio ya Setilaiti Garini

Redio ya setilaiti ni matangazo ya kulipia yanayomfikia msikilizaji kutoka angani, na maskani yake hasa ni gari. Imeshamiri zaidi Marekani, ambako kampuni ya XM ilianza kurusha matangazo Septemba 2001 na mshindani wake, Sirius, akafuata mwaka 2002. Mwaka 2008 zikaungana. Huduma hiyo ilinadiwa kwa ahadi ya sauti safi ya kidijitali inayokaribia ile ya CD. Wapo walioridhika, na wapo waliolalamika kwamba muziki umepungua uhai, hasa katika sauti za juu. Ubishi huo una upande wa kiufundi, lakini chini yake kuna swali la falsafa: ubora wa sauti umo katika sauti yenyewe, au umo katika sikio linaloipokea? Swali hilo lina pacha wake: kitu kikiondolewa na asiwepo wa kutambua, je, kuna kilichopungua?

Upande wa kiufundi unaanzia kwenye uhaba wa nafasi. CD, iliyoingia sokoni mwaka 1982, huipima sauti mara 44,100 kwa sekunde katika kila mkondo, na kila kipimo huandikwa kwa biti 16. Kwa mikondo miwili hiyo ni takriban kilobiti 1,411 kwa sekunde. XM na Sirius zilipewa kila moja megahezi 12.5 tu, kwenye masafa ya gigahezi 2.3, na humo zikalazimika kupenyeza idhaa zipatazo mia moja. Idhaa ya muziki ikaambulia makumi ya kilobiti kwa sekunde, na idhaa za mazungumzo zikapewa pungufu ya hapo. Zaidi ya asilimia 90 ya data iliyomo kwenye CD haisafiri.

Kinachoondolewa hakichaguliwi ovyo. Mlio mkubwa huufunika mdogo ulio karibu nao, ama kwa kimo ama kwa wakati, na sikio halina habari na uliofunikwa. Programu ya kubana sauti hukadiria ni nini kitakachofunikwa, kisha hukiacha. XM ilikwenda mbali zaidi: katika mfumo wake, sehemu ya juu ya sauti haikutumwa kama ilivyorekodiwa. Ilitumwa sehemu ya chini pamoja na maelezo mafupi, na kipokezi kikaijenga ile ya juu kwa kunakili ya chini na kuirekebisha. Dereva anayesikia matoazi yakimeremeta nyuma ya mwimbaji huenda anasikia, kwa sehemu, mlio ambao haukutoka studio bali umetungwa ndani ya dashibodi yake. Mbinu hiyo hufaulu mara nyingi. Inapokwama, makofi ya ukumbini ndiyo huiumbua: maelfu ya vishindo visivyofanana hukosa pa kujificha, na umati wa watu husikika kama mafuta yanayochemka kikaangoni.

Vyanzo vingine vya sauti garini vina kasoro za aina nyingine. Matangazo ya AM husikika mbali, lakini sauti yake ni finyu na hudhurika kwa radi na nyaya za umeme. FM hubeba sauti hadi kilohezi 15, upana unaotosha muziki mwingi, ila mawimbi yanayogonga majengo na milima na kufika yamechelewa huleta mikwaruzo. Kaseti ina mvumo wake wa kudumu. Simu iliyounganishwa kwa Bluetooth huibana sauti upya kabla ya kuituma, hata kama faili lenyewe lilikuwa kamili, ingawa kwa kiwango kisicho kikali kama cha setilaiti. Muziki wa mtandaoni hufika kilobiti 320 kwa sekunde katika huduma nyingi, na baadhi hutoa faili zisizopunguzwa chochote. Hata namna ya kuharibika hutofautiana. Gari likitoka nje ya eneo la FM, sauti huchakaa kidogo kidogo na maneno huendelea kueleweka kwa muda. Setilaiti ikizibwa na handaki au jengo refu kwa muda ambao akiba ya kipokezi haiwezi kuufidia, sauti hukatika kabisa.

Gari nalo ni chumba kibaya cha kusikilizia. Katika mwendo wa barabara kuu, kelele za matairi, upepo na injini hufikia desibeli 60 hadi 70 katika magari mengi. Kinadharia CD ina nafasi ya desibeli 96 kati ya sauti ndogo kabisa na kubwa kabisa, lakini zile ndogo humezwa na barabara. Tofauti iliyokuwa dhahiri gari lilipoegeshwa na injini kuzimwa hufifia likishika kasi.

Hapo ndipo falsafa inapoingia. John Locke alitenganisha sifa zilizomo ndani ya vitu vyenyewe, kama umbo na mwendo, na zile zinazotokea vitu hivyo vinapogusa hisi, kama rangi na mlio. George Berkeley, katika majadiliano aliyoyachapisha mwaka 1713, alivuka mpaka huo: sauti inayosikika si mtikisiko wa hewa, kwani mtikisiko waweza kuonekana au kuguswa lakini hausikiki; sauti ni kile kilichomo akilini mwa anayesikia. Ubanaji wa sauti unafuata njia hiyo kivitendo. Ikiwa kuwa sauti ni kusikika, basi kisichosikika si sehemu ya sauti, na kukiacha si kuiba.

Gottfried Leibniz anatoa pingamizi. Mtu aliye ufukoni husikia mvumo wa bahari, lakini hawezi kuubagua mlio wa kila wimbi. Hata hivyo, lazima kila wimbi limguse kwa kiasi fulani, la sivyo asingesikia bahari, kwa kuwa sifuri laki moja zikijumlishwa hubaki sifuri. Kwa hoja hiyo, kutotambua si sawa na kutoguswa. Vipande vilivyoachwa, kila kimoja kikiwa hakitambuliki peke yake, vyaweza kwa pamoja kuwa ndio uhai ambao msikilizaji anasema umetoweka asijue ulikwenda wapi.

Wahandisi hujibu kwa majaribio. Msikilizaji hupewa rekodi ya asili na nakala iliyobanwa bila kuambiwa ipi ni ipi. Akishindwa kuzitofautisha, nakala hupita. Jaribio hilo ni la haki, kwa sababu huzuia sifa ya bei au ya jina la kampuni isiliongoze sikio. Lakini aghalabu hutumia vipande vya sekunde chache, na huthibitisha tu kwamba masikio yale, siku ile, hayakuona tofauti. Mwanafalsafa Nelson Goodman, akiandika mwaka 1968 kuhusu picha za kughushi, alieleza kwamba picha mbili ambazo mtu hawezi kuzitofautisha leo zinatofautiana kwake tayari, kwa kuwa kujua kwamba moja ni ya kughushi humwelekeza ajifunze kuona asichokiona sasa. Ndivyo ilivyo kwa sikio: aliyeonyeshwa mara moja jinsi makofi yanavyoharibika huanza kuyasikia hivyo kila mahali.

Ubora pia hupimwa kwa kile ambacho mtu anacho. Setilaiti ya AfriStar, iliyorushwa Oktoba 1998 na kampuni ya WorldSpace ya Noah Samara, mzaliwa wa Ethiopia, ililenga bara ambalo wengi walipata stesheni za mbali kwa masafa mafupi tu, sauti ikipanda na kushuka. Kwa msikilizaji huyo, sauti iliyobanwa ilikuwa nafuu kubwa. Aliyezoea CD angeiona dhaifu. Hakuna kati yao aliyekosea, kwa kuwa kila mmoja alilinganisha na kitu tofauti.

Kwa hiyo maswali mawili yasichanganywe. La kwanza ni uaminifu kwa rekodi ya asili, nalo lina jibu lisilotegemea msikilizaji: CD na faili lisilopunguzwa hutangulia, huduma za mtandaoni za kiwango cha juu hufuata, na setilaiti iko nyuma sana. La pili ni kutosheleza, nalo hutegemea sikio, mahali na mazoea. Kwa dereva anayekwenda kasi na asiyetaka kutafuta stesheni kila baada ya kilomita kadhaa, setilaiti yaweza kutosha kabisa. Kosa ni kutumia jibu la swali la pili kufuta la kwanza. Kusema kwamba hakuna tofauti ni kutoa habari za sikio fulani kwa wakati fulani, na hukumu hiyo inaweza kubadilika. Rekodi kamili ikiwepo, msikilizaji anaweza kuirudia na kuhukumu upya. Kilichoachwa kabla ya kurushwa angani, kipokezi hakiwezi kukirejesha.