Mashine Ikinyamaza, Deni Laenda Wapi?

Leo tutazame neno moja linaloonekana dogo, lakini ndani yake mna swali kubwa la haki. Mtu ameingia katika mkahawa wa mjini, ameketi mezani, ameletewa wali na samaki, amekula akashiba. Anapotaka kulipa, anatoa kadi ya benki. Mtumishi anaitia katika mashine, anangoja, anaitia tena: mashine haijibu. Mgeni hana noti hata moja mfukoni. Je, mtu huyo afanye nini? Na mwenye mkahawa ana haki gani juu yake?

Nanyi mlio vijijini msiseme kwamba jambo hili ni la watu wa mbali peke yao. Wengi wenu hulipa kwa simu, kwa M-Pesa au Airtel Money, nanyi mmekwisha kuona mtandao ukipotea wakati sukari imekwisha kupimwa na kutiwa kikapuni. Tofauti ni hii tu: sukari yaweza kurudishwa katika gunia, bali chakula kilicholiwa hakirudi.

Kwanza tujue kadi ni kitu gani. Kadi si fedha. Ni alama ya kumtambulisha mtu kwa benki yake. Mashine ya mkahawa hupeleka ulizo mpaka benki ile, kwa njia ya kampuni kama Visa au Mastercard: mtu huyu anayo fedha ya kutosha? Benki hujibu ndiyo au hapana, na jibu hurudi upesi. Ni kama mtu aliyeweka mbuzi wake kwa mjomba ng'ambo ya mto, naye kila anunuapo kitu humtuma mtoto kwa mjomba na barua. Mto ukijaa, mtoto havuki. Lakini mbuzi wako palepale, mjomba yupo, na kitu kilichonunuliwa kimekwisha kutumiwa.

Mto wa namna hiyo ulijaa katika Ulaya siku ya Ijumaa, tarehe 1 Juni 2018. Katika jumba moja la mitambo ya Visa huko Uingereza, chombo kimoja kiliharibika. Kiliharibika nusu tu, na kwa sababu hiyo mitambo ya jumba la pili, iliyowekwa ili kusaidia, haikushika kazi yote upesi kama ilivyotazamiwa. Kwa muda wa saa kumi hivi, malipo yapatayo 5,200,000 yalishindwa kupita. Fikirini ni watu wangapi jioni ile walikuwa wamekwisha kula.

Mlaji aweza kujitetea hivi: "Mimi nimekuja na njia yangu ya kulipa. Mlangoni wameandika kwamba kadi zinapokelewa. Mashine ni yao, kasoro ni yao. Basi mimi naenda zangu." Neno hili lina ukweli nusu, nao ukweli nusu hudanganya kupita uwongo mtupu. Ni kweli kwamba yeye hana kosa la kuchelewa. Asiyeweza kulipa saa hiyo, pasipo uzembe wake, si mwizi. Lakini anachanganya mambo mawili, njia ya kulipa na deni lenyewe. Deni halikuzaliwa na mashine. Lilizaliwa alipoagiza chakula akijua bei yake. Iliyokufa ni njia. Tena katika mapatano yale upande mmoja umekwisha kutimizwa: mpishi ameamka alfajiri, moto umewashwa, samaki hawezi kurudi sokoni. Hapo mlaji ndiye amekwisha kupata alichokitaka, na mwenziwe bado. Kwa hiyo mimi nasema kwamba taabu ya kutafuta njia nyingine ni juu ya mlaji kwanza, hata kama kasoro si yake. Wakatekumeni waliokwisha kufundishwa amri ya saba wanajua kwamba huvunjwa si kwa mkono unaochukua tu, bali hata kwa mkono unaoshikilia kisicho chake.

Sheria za nchi nazo zimelitazama jambo hili, na inafaa kuona zilivyopima nia ya mtu. Katika Ufaransa, anayeagiza chakula mkahawani huku akijua kwamba hana uwezo wowote wa kulipa, au akiwa ameazimia kutolipa, aweza kufungwa miezi 6 na kutozwa faini ya euro 7,500. Uingereza ilitunga sheria yake mwaka 1978 juu ya watu wanaoondoka pasipo kulipa. Mwaka 1985 waamuzi wakuu wa nchi ile, katika kesi ya mgeni mmoja wa hoteli, walitamka kwamba ili mtu awe na hatia kwa sheria hiyo, sharti awe na nia ya kutolipa kamwe. Nia ya kuchelewesha malipo haitoshi. Yule ambaye mashine imemwangusha hayumo katika kundi la wakosaji hao. Lakini aweza kuingia humo kesho yake asubuhi, atakapoamka nyumbani na kusema moyoni: hawanijui, hawataniona tena.

Na mwenye mkahawa je? Aliyejua tangu asubuhi kwamba mashine imekufa, akawakaribisha watu bila kuwaambia, amewatega wageni wake. Asishangae wakimlipa baada ya siku mbili. Wala haifai kumpigia mgeni kelele mbele ya watu kana kwamba ni mnyang'anyi, au kumpokonya hati yake ya safari iwe rehani. Bei ya samaki hainunui uhuru wa mtu. Ana haki ya kuuliza jina na namba ya simu, na ya kumwomba mgeni aende benki ya karibu kutafuta noti, akiacha kitu chenye thamani ya kadiri. Zaidi ya hapo ni kiburi.

Labda mtasema kwamba kuaminiana hivyo ni ndoto. Sikilizeni basi habari ya Ireland. Mwaka 1970, kwa sababu ya ugomvi wa wafanyakazi na wakubwa wao, benki kubwa za nchi ile zilifungwa tangu Mei mpaka Novemba. Watu waliendelea kununua na kuuza kwa kuandikiana hundi ambazo hakuna benki ya kuzipokea. Wenye maduka na wenye vilabu vya pombe walizipokea, kwa sababu walimjua kila mtu aliyewaandikia: anafanya kazi wapi, hulipa au halipi. Benki zilipofunguliwa, hundi zilizo nyingi zililipwa. Lakini angalieni, hao walikuwa majirani. Mgeni wa mkahawa hajulikani na mtu, wala hakuna wa kumwona aibu. Basi kadiri asivyojulikana, ndivyo inavyompasa kuacha alama nyingi zaidi za kumpata.

Hutokea pia kwamba mashine imesema "imeshindikana", kumbe benki imekwisha kukata fedha. Mgeni akitoa noti, amelipa mara mbili. Hapo deni limegeuka, na mwenye mkahawa ndiye wa kurudisha, hata kama mgeni hajatambua. Na kama mwenye mkahawa amesema, "Nenda tu, nimekusamehe", hiyo ni zawadi halali, iwapo ameisema kwa hiari wala si kwa kuchoka kubishana.

Lakini mara nyingi anayesema "nenda tu" si mwenye mkahawa, ni mtumishi, kijana aliyesimama tangu asubuhi. Wako matajiri wanaokata hesabu ya meza isiyolipwa katika mshahara wa mtumishi aliyeihudumia. Mgeni anayetaka kuondoka kwa ahadi, kabla hajavuka kizingiti, na amwulize yule kijana: nisiporudi, atakatwa nani?